Kilo Kumi na Tisa

Mwezi Januari mwaka 1997, sista mkuu wa kituo chetu cha afya aliniita ofisini akaniambia nijiandae kwenda Mwanza kwa miezi mitatu. Kulikuwa na mafunzo ya kisukari na unene kwa wauguzi na matabibu wa Kanda ya Ziwa, na kila wilaya ilitakiwa kutoa mtu. Nikamuuliza kwa nini mimi. Akasema kwa sababu nina mwandiko mzuri na sina mtoto wa kunyonyesha.

Kituo chetu kilikuwa cha misheni, pembeni ya mji wa Bariadi, ambayo siku hizo ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Nilikuwa nimefanya kazi pale miaka sita, nyingi nikiwa wodi ya wazazi. Kisukari nilikuwa nimekiona mara chache. Mtu aliletwa midomo imekauka, anakojoa kila saa, na kabla hatujajua la kufanya alikuwa amezimia. Tuliandika kwenye kitabu kwamba malaria imempanda kichwani, tukaendelea na wengine.

Mwalimu wetu kule Mwanza alikuwa Daktari Joakim, mtu mfupi aliyevaa suti ileile ya kahawia wiki nzima. Alitufundisha kupima mkojo kwa maji ya bluu: unaweka matone manane kwenye bomba la kioo, unachemsha juu ya taa ya spiriti, unangoja. Ikibaki bluu, hakuna sukari. Ikifika rangi ya tofali, kaa na mgonjwa wako mzungumze. Alitufundisha kuchoma insulini, kugawa chakula kwenye sahani, kukagua nyayo. Alisema nyayo zikaguliwe kila siku, kwa sababu mguu wenye kisukari hausemi ukiumia.

Siku moja alituonyesha picha ukutani. Zilikuwa za upasuaji wa watu wanene huko Ulaya, tumbo la chakula linakatwa na kufungwa mpaka linabaki dogo kama yai. Kisha tabibu mmoja kutoka Kimali, wilaya ya Meatu, jina lake Mahona, akanyoosha mkono.

"Daktari, huyu mtu anakatwa ili asile?"

"Ndiyo."

"Na chakula kipo?"

"Kipo."

Mahona akakaa taratibu, na wengine wakacheka. Daktari Joakim hakucheka. Alisema, "Ununuzi wa pamba umefunguliwa kwa watu binafsi. Mafuta ya kula yanakamuliwa kila mji. Soda zinafika mpaka Kimali kwa Mahona. Watu wetu watanenepa, na wengi wataugua, kabla hawajaacha kuogopa njaa. Upasuaji huu hamtaufanya ninyi, wala mimi. Ninyi mtakuwa na mizani na maneno. Basi jifunzeni kusema na mtu."

Nilijifunza. Katika mtihani wa mwisho nilikuwa wa pili, nyuma ya Mahona. Nilirudi Bariadi mwezi Aprili na cheti, mizani mpya, chupa nne za maji ya bluu, na ruhusa ya kufungua kliniki ya kisukari kila Alhamisi. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa dada yangu.

Domitila alinizidi miaka kumi na miwili. Mama yetu alifariki Nkoma wakati wa ukame, mimi nikiwa na miaka minne, na Domitila akaacha shule darasa la saba ili anilee. Nakumbuka akipika michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kidogo tu na kuniambia yeye amekwisha kula kwa jirani. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba hakuna jirani aliyekuwa na chakula. Picha moja tuliyo nayo ya wakati ule inamwonyesha amesimama mbele ya kanisa, shingo nyembamba, mifupa ya mabega imeinua gauni.

Aliolewa na Ngassa, kijana wa Kimali aliyekuwa karani wa chama cha ushirika. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa kampuni binafsi, Ngassa akawa wakala, akazunguka vijijini na lori la kampuni. Domitila akafungua kibanda cha vitenge sokoni. Maisha yao yalibadilika ndani ya misimu miwili. Nyumbani kukawa na mafuta ya kupikia kwenye dumu, mchele kila siku, soda kwa mgeni na kwa mwenyeji. Dada akanenepa. Mwanamke mnene siku hizo alikuwa mwanamke aliyetunzwa. Wanawake wa vijijini waliokuja kununua kitenge walimshika mkono ule mnene, wakaugeuza, wakacheka kwa furaha kana kwamba ni wa kwao. Naye aliwaacha. Nilimwona mara moja akijitazama kwenye kioo cha fundi cherehani, anashika kiuno chake kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa na amani ambayo sikuwahi kuiona tulipokuwa Nkoma.

Wiki niliyorudi kutoka Mwanza nilikwenda kumsalimia. Alikunywa jagi zima la maji mbele yangu. Akanyanyuka kwenda chooni, akarudi, akanywa tena.

"Kiu hii ina muda gani, dada?"

"Tangu Krismasi. Ni joto."

Siku ya pili nikampeleka kituoni. Nilichemsha mkojo wake juu ya taa, tukatazama pamoja. Bluu ikawa kijani, kijani ikawa njano, kisha ikaja ile rangi ya tofali. Nikampandisha kwenye mizani: kilo mia moja na nne.

"Ndiyo nini sasa?" aliuliza.

Nikamweleza. Nilisema karibu yote niliyofundishwa, kwa mpangilio niliofundishwa. Alisikiliza huku akikunja na kukunjua pindo la kanga. Mwisho akasema, "Kwa hiyo nilikaa na njaa nikiwa mtoto, na sasa unaniambia nikae na njaa tena."

"Si njaa, dada. Ni kula kwa kipimo."

"Njaa nayo ni kula kwa kipimo," alisema, lakini alikuwa anatabasamu. Kisha akaniwekea mkono begani. "Umesoma, Pela. Nitafanya unavyosema."

Akafanya kweli. Sijapata mgonjwa mwingine aliyefanya kama yeye. Aliacha soda, akaacha kuchovya ugali kwenye mchuzi wa mafuta, akala mboga ya mgagani na dagaa kama alivyokula bibi yetu. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, alitembea njia ya Nkoma mpaka kwenye daraja na kurudi, akiwa amevaa raba za mwanawe Keneth. Alimeza vidonge vyake bila kuruka hata siku moja. Kila Alhamisi alikuja kliniki, nikampima, nikaandika kwenye kadi. Mkojo ulirudi kijani, halafu bluu. Uzito ulishuka wiki baada ya wiki. Kufikia mwezi Oktoba alikuwa amepungua kilo kumi na tisa.

Mwezi huohuo Daktari Joakim alikuja kukagua kliniki. Nilimleta Domitila mbele yake na kadi yake. Daktari alisoma kadi ile mara mbili, akasimama, akampa mkono dada yangu kwa heshima kama anamsalimia mbunge. Akaniambia kwa Kiswahili, ili dada asikie, kwamba katika wilaya zote alizopita hajaona kazi kama hii. Nilijiona mtu mkubwa. Sikutazama uso wa dada. Ningeutazama, labda ningeuliza.

Maana sokoni mambo yalikuwa yameharibika, naye hakuniambia.

Lazima nieleze jinsi ilivyokuwa miaka ile. Ukimwi ulikuwa umeingia, hakukuwa na dawa ya kuupunguza, na kila mtaa ulikuwa umezika. Watu hawakuhitaji vipimo. Walitazama mashavu. Mtu akipungua, walisema amekanyaga waya, na kuanzia hapo kila alichokigusa kilitazamwa. Mume wa dada alikuwa wakala wa pamba, mtu wa kusafiri, wa kulala Lamadi leo na Mwanza kesho. Kwa watu wa Bariadi hesabu ilikuwa rahisi.

Alianza Precious, mwanamke kijana waliyegawana naye kibanda. Walikuwa wakinywa chai kwenye kikombe kimoja. Siku moja Precious akaja na kikombe chake, na baada ya mwezi akahamishia vitenge vyake upande wa pili wa soko, akisema huko kuna kivuli. Kisha wale wanawake wa vijijini waliokuwa wakimshika mkono wakaanza kusimama mbali, wanauliza kwa kunyoosha kidole. Waliochagua kitenge walikitikisa kwanza. Haya yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa natazama kadi.

Wa kwanza kuja kwangu alikuwa shemeji Ngassa. Alinikuta kituoni saa ya kufunga, akakaa kwenye benchi la wagonjwa, kofia mkononi.

"Shemeji, naomba uniambie ukweli. Mke wangu ana nini?"

"Ana kisukari. Si nilikwambia tangu Aprili?"

"Uliniambia. Lakini mtu wa kisukari anapona huku anakwisha?"

"Hakwishi. Anapungua kwa sababu mimi nimemwambia apungue. Ndiyo tiba yenyewe."

Alizungusha kofia. "Jana dereva wa lori amekataa maji nyumbani kwangu. Amesema hana kiu, na ametoka Mkula juani. Shemeji, mpe dawa lakini mwache anenepe. Haiwezekani?"

Nikamwambia haiwezekani. Nilisema kwa ukali kidogo, kama mtu aliyekuwa wa pili darasani. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Mwezi Novemba dada alisafiri na Ngassa kwenda Mwanza, wakapima damu wote wawili. Majibu yalitoka mazuri, hakuna virusi kwa yeyote. Domitila akaifunga karatasi yake kwenye pindo la kanga, akaenda nayo sokoni. Mteja wake wa zamani, mama mmoja wa Nkoma tuliyesali naye kanisa moja, alikuwa akipita bila kusimama. Dada akamwita, akaifungua karatasi, akamwonyesha mhuri. Yule mama aliisoma, akairudisha kwa ncha za vidole.

"Ni nzuri, Mama Keneth," akasema kwa upole. "Siku hizi kila kitu kinanunuliwa."

Dada alinisimulia hayo akiwa amekaa jikoni kwangu, bila kulia. Nikamwambia awapuuze. Nikamwambia afya yake ni bora kuliko maneno yao. Ni kweli ilikuwa bora. Lakini mimi nilikuwa na mshahara wa misheni na gauni jeupe, na yeye alikuwa na kibanda ambacho hakuna aliyekisogelea, na mtoto wa miaka kumi na tano aliyerudi kutoka shuleni na jicho limevimba kwa sababu ya kupigana, akakataa kusema walipigania nini.

Mvua za El Nino zilikuwa zimeanza. Katika mvua hizohizo alifika mama mkwe wa dada kutoka Kimali, Mama Benedikta, ambaye sote tulimwita Mayu, yaani mama. Alikuja na mbuzi wawili na kibuyu cha samli. Alikuwa amesikia kule kwao kwamba mke wa mwanawe anakwisha. Sina la kumlaumu. Aliingia ndani, akamtazama Domitila kutoka kichwani mpaka miguuni, akakaa chini na kumvuta ampakate kama mtoto.

"Mwanangu, hawa watu wanakunyima chakula," alisema.

Mbuzi wa kwanza alichinjwa siku hiyohiyo.

Alhamisi iliyofuata Domitila hakuja kliniki. Ya pili yake hakuja. Nikaenda kwake. Nilimkuta kibarazani na chupa ya soda, sahani ya wali yenye mafuta juu yake, nyama pembeni. Vidonge vyake vilikuwa kwenye kabati, havijaguswa, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba ndivyo vinavyomkausha.

"Dada, unafanya nini?"

"Nakula."

"Unajua sukari itapanda."

"Najua. Ulinifundisha vizuri." Alifuta mdomo kwa kiganja. "Pela, unajua mwaka huu Keneth amelala chumba cha nje? Alisema ni joto. Mvua inanyesha kila siku, yeye anasema joto. Anaogopa kulala karibu na mimi."

"Atajua ukweli siku moja."

"Wewe ulipima uzito wangu tu. Hukupima watu ninaoishi nao."

Nilitakiwa kukaa chini. Nilitakiwa kuchukua kijiko nile naye wali ule, kisha tupange upya, vidonge arudie na unene tuuache kwanza. Hata shemeji alikuwa ameniomba hivyo, na sasa najua ilikuwa inawezekana. Lakini nilimfikiria Daktari Joakim, na kadi yangu nzuri, na jinsi nitakavyoandika mwezi huu. Nikamwambia dada yangu, aliyeniachia chakula chake nikiwa na miaka minne, maneno haya: "Basi usije tena kliniki kunipotezea muda. Kuna watu wanaotaka kupona."

Alisogeza sahani yake kidogo, kana kwamba imekaa vibaya.

Sikwenda kwake tena wiki saba. Krismasi nilijipangia zamu.

Kitu ambacho Domitila hakukijua, na ambacho nilikuwa nimefundishwa lakini sikumweleza, ni kwamba sukari ikiachwa ipande sana, mwili hauwezi tena kutumia chakula. Mtu anakula na anakonda. Alikula kwa ajili ya watu wa sokoni, wali na samli na nyama na soda, na kila siku mashavu yake yalizidi kuingia ndani. Mayu alimpikia mara nne kwa siku. Mbuzi wa pili akaisha. Kadiri alivyokula ndivyo alivyothibitisha walichokuwa wakisema. Mwishoni mwa Desemba alifunga kibanda.

Katikati ya Januari Mayu alikuja mwenyewe kituoni, miguu imejaa tope mpaka magotini. Nikamsalimia, "Mwadila, Mayu." Aliitikia kwa haraka, akasema, "Njoo umwone mwenzako. Mguu wake unanuka na yeye anasema hauumi."

Alikuwa amekanyaga kisiki cha pamba uani, siku hakuijua. Kidole gumba na kile cha pili vilikuwa vyeusi, na wekundu ulikuwa umepanda mpaka juu ya kifundo. Nilipiga magoti, nikaushika ule mguu. Ulikuwa na joto kali. Yeye alikuwa anatazama dari.

"Haujauma hata kidogo," alisema. "Ndiyo maana sikukusumbua."

"Dada, nisamehe."

"Kwa lipi? Ulikuwa na kazi."

Mkojo wake ulikuwa na rangi ya tofali kabla haujachemka vizuri. Nilimchoma insulini tuliyokuwa nayo, nikaosha kidonda. Daktari wa Bariadi alipomwona alisema aende Mwanza, mguu ukatwe chini ya goti, upesi. Ngassa alilia mbele yetu sote bila kujificha. Domitila aliuliza swali moja tu: akikatwa mguu, je, karatasi ya hospitali itaandikwa kwamba ni kisukari? Daktari akasema ndiyo. Akasema, "Basi twende."

Barabara ya Lamadi ilikuwa imekatika sehemu mbili. Ngassa aliazima gari la kampuni, tukaondoka asubuhi, mimi nimempakata dada nyuma, mguu wake kwenye mto. Karibu na Mkula gari lilizama kwenye tope mpaka kwenye ekseli. Tulikaa pale siku nzima na siku ya pili mpaka mchana, tukisaidiwa na watu waliotoka mashambani na majembe. Mwanamke mmoja alituletea uji. Alimtazama Domitila, akanitazama mimi, akaweka bakuli chini mbali na sisi, akarudi nyuma. Dada alimshukuru kwa Kisukuma, kwa heshima zote, kama vile bakuli lilikuwa limewekwa mkononi mwake.

Pale kwenye gari tuliongea zaidi ya mwaka wote uliopita. Aliniuliza kuhusu mafunzo ya Mwanza. Nikamsimulia suti ya Daktari Joakim, na Mahona wa Kimali, na wale watu wa Ulaya wanaokatwa tumbo. Alitaka kujua kama wakishakatwa wanapungua sana.

"Wanapungua nusu yao."

"Na majirani zao wanasemaje?"

"Nafikiri wanawapongeza."

"Kila mtu na kwao," alisema. Baadaye joto lilimpanda, akaanza kuniita kwa jina la mama.

Tulifika Mwanza siku ya tatu. Walimkata mguu usiku huohuo, juu ya goti, maana wekundu ulikuwa umelipita goti. Sumu ilikuwa imeingia kwenye damu. Alizinduka kwa muda mfupi, akanitambua, akauliza Keneth amekula nini. Alifariki tarehe ishirini na sita Januari 1998, kabla ya jua kuzama, akiwa na miaka arobaini na mbili. Cheti kiliandikwa kisukari na kidonda kuoza. Ngassa alikikunja akakiweka mfukoni mwa shati, na sijui kama alipata kumwonyesha mtu yeyote.

Tulimrudisha Bariadi. Uani kwa Ngassa watu walijaa, maana walikuwa watu wanaojulikana. Walileta mahindi, walileta kuni, waliimba. Lakini ulipofika wakati wa kumwosha marehemu, nikatoka mlangoni kuita wanawake, na kila mmoja akawa na kazi. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Mwingine alikuwa anachambua mchele. Precious alikuwa pale, analia kwa uchungu wa kweli, na hakunyanyua macho. Mimi nilikuwa muuguzi wao. Nilikuwa nimewazalisha karibu nusu yao. Nikasimama mlangoni na beseni mkononi, nikasema kwa sauti ya kawaida kwamba dada yangu alikufa kwa kisukari. Hakuna aliyepinga. Hakuna aliyesogea.

Mayu Benedikta akanyanyuka kutoka kwenye mkeka. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini. Akaja, akachukua beseni, akaingia ndani. Tuliosha wawili. Yeye aliosha uso na mikono, polepole, akizungumza naye kwa Kisukuma kuhusu mbuzi na mvua na mambo ya Kimali. Mimi niliosha mguu uliobaki. Nilikagua wayo wake, vidole vyote vitano, katikati ya kila kimoja na kingine, kama nilivyofundishwa. Haukuwa na kidonda hata kimoja.

Baada ya matanga nilimwomba sista anirudishe wodi ya wazazi. Kliniki ya Alhamisi ilifungwa miezi kumi. Daktari Joakim aliandika akiuliza habari za mgonjwa wetu. Nilimjibu kurasa sita, sikuficha kitu, hata yale maneno niliyomwambia dada kibarazani. Akaniita Mwanza kusema na darasa jipya. Nilikwenda, nikasimama mbele ya matabibu ishirini, nikawaeleza mambo haya kama ninavyoyaeleza sasa. Nikawaambia kabla hujampunguza mtu, waite mume wake, mama mkwe wake, mtoto wake, na mtu mmoja wa sokoni. Wapime nao. Na ikibidi kuchagua, acha unene, shika vidonge. Waliandika. Tabibu mmoja aliuliza kama hilo limo kwenye kitabu. Daktari Joakim akasema bado.

Nilifungua tena kliniki. Bundala, mlinzi wa kiwanda cha kuchambua pamba, alikuja na mke wake na kaka zake wawili, kwa sababu nilikataa kumwandikia chochote mpaka walipokuja. Yupo mpaka leo, na miguu yake yote miwili. Wako wengine kama yeye. Watu hunishukuru njiani.

Keneth alikwenda kuishi Lamadi, akaingia biashara ya samaki. Ngassa alihamia Mwanza na hakuoa. Miaka minane ilipita bila Keneth kunitembelea. Kisha alikuja, kijana mrefu, ameshaoa, anatafuta cheti chake cha ubatizo. Tulikula pamoja. Baada ya chakula akasema, "Mama mdogo, sasa mimi ni mtu mzima. Niambie mama aliumwa nini."

Nikamwambia. Nilimweleza kuanzia jagi la maji mpaka Mwanza. Nilimweleza kwamba kupungua kulikuwa kwa mkono wangu, na kwamba alipoanza kukonda tena ilikuwa sukari. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha. Nilipomaliza akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Sikulaumu," alisema. "Ulikuwa unalinda jina lake. Hata ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo."

"Keneth, ndio ukweli."

"Najua, mama mdogo. Najua."

Nilirudia mara tatu. Kila mara aliitikia kwa upole, kama mtu anayemtuliza mzee. Nilimwomba nimpime mkojo, maana ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo. Akasema siku nyingine, basi la Lamadi lilikuwa karibu kuondoka.